Jinsi ya Kutafuta Rekodi za Mahakama Kaunti ya Franklin, Ohio: Mwongozo Kamili

Mama mmoja jirani yetu hapa Columbus alikataliwa nyumba mara tatu ndani ya miezi miwili. Kazi anayo, kodi analipa, na wanawe wanne sijawahi kusikia wakilalamikiwa. Kila ofisi ya wapangishaji ilimwambia neno lilelile, kwamba rekodi yake ina tatizo, na hakuna hata moja iliyomwonyesha tatizo lenyewe. Tukakaa naye mezani jikoni, tukawasha kompyuta, na baada ya dakika kumi tukaliona: kesi ya kumtoa kwenye nyumba, iliyofunguliwa na mwenye nyumba wake wa zamani na kufutwa wiki mbili baadaye kwa sababu kodi ilikuwa imeshalipwa.

Yeye alikuwa anaamini kesi ikifutwa imefutika. Hapa sivyo. Kesi iliyofutwa imeisha tu. Karatasi zake zinabaki, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma. Ndiyo maana namsihi kila mwenzetu aliyewahi kupewa karatasi ya mahakama, hata ya mwendo kasi barabarani, aitafute rekodi yake mwenyewe kabla mwenye nyumba, mwajiri au ofisa wa uraia hajaitafuta.

Nitaeleza ya Franklin, kaunti yenye mji wa Columbus, kwa kuwa ndiyo ninayoizoea. Ohio ina kaunti 88 na haina sehemu moja ya kutafutia kesi za mahakama zote za chini za jimbo. Ukiwa Dayton au Akron, mantiki ni hiihii lakini tovuti ni nyingine. Majimbo mengine yamekusanya pamoja: Minnesota wana mfumo mmoja wa jimbo zima uitwao Minnesota Court Records Online.

Kwanza ujue ni mahakama ipi

Wengi hukwama hapa. Mtu anaandika jina kwenye tovuti moja, haoni kitu, anafunga kompyuta kwa furaha, na kumbe kesi iko jengo la pili.

Wenzetu waliotoka Kenya, neno kaunti lisiwachanganye. Kenya ina kaunti 47, lakini mahakama ni za taifa. Huku Ohio mahakama za mwanzo zinafuata mipaka ya kaunti, na makarani wakuu wanaotunza majalada huchaguliwa kwa kura. Franklin ina makarani wakuu wawili wa namna hiyo, kila mmoja na masijala yake na tovuti yake.

Wa kwanza ni karani wa Franklin County Municipal Court, iliyoko 375 South High Street, katikati ya mji. Humo ndimo yanamopita mengi yanayotugusa: makosa ya barabarani, makosa madogo ya jinai, kesi za kuwatoa wapangaji, madai ya fedha yasiyozidi dola 15,000, na yale madai madogo yasiyozidi dola 6,000 ambayo mtu anaweza kuyaendesha mwenyewe bila wakili. Tovuti ni fcmcclerk.com.

Wa pili ni Karani wa Mahakama wa Kaunti, anayehudumia Court of Common Pleas, 345 South High Street. Huko ziko jinai kubwa, madai ya fedha nyingi, kesi za benki kuchukua nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo, na talaka. Kwenye tovuti yake tafuta sehemu iitwayo Case Information Online.

Mirathi, usimamizi wa mali ya marehemu, kubadili jina na vibali vya ndoa viko kwenye Probate Court, nayo ina ukurasa wake wa kutafutia. Ukihitaji nakala ya ndoa uliyofungia hapa kwa ajili ya faili la uhamiaji, nenda huko.

Kuna na mlango wa nne ambao watu huusahau kabisa. Baadhi ya miji midogo inayoizunguka Columbus, kwa mfano Hilliard na Grove City, ina mahakama ya meya inayosikiliza makosa madogo ya barabarani na ya mjini. Tiketi uliyopewa huko inaweza isionekane kwenye tovuti ya Municipal Court. Soma tiketi yenyewe: jina la mahakama na tarehe ya kufika vimeandikwa juu yake.

Andaa majina yako yote

Kabla hujagusa kibodi, chukua karatasi uandike kila namna ambayo jina lako limewahi kuandikwa Marekani. Usicheke, hii ndiyo kazi yenyewe. Tovuti hutafuta herufi ulizoandika, na majina yetu huandikwa na askari au karani aliyeyasikia kwa mara ya kwanza usiku, kando ya barabara.

Tuseme mtu anaitwa Hamisi Juma Salum. Kwetu Hamisi ni jina lake, Juma la baba, Salum la babu. Tovuti ina nafasi ya jina la ukoo na nafasi ya jina la kwanza. Nani anajua askari alichagua lipi? Tafuta Salum kama jina la ukoo, kisha Juma, kisha hata Hamisi. Halafu badilisha tahajia: Hamis, Khamisi, Khamis, Jumah, Saloum. Ndugu zetu wa Kongo, ambao hati zao za ukimbizi mara nyingi zimetanguliza jina la ukoo, wageuze mpangilio kila mara. Wenye jina kama Ng'ang'a watafute likiwa na alama zake, bila alama, na likiwa limekatwa kwa nafasi.

Njia ninayoipenda ni kuandika herufi chache. Tovuti ikikubali mwanzo tu wa jina, weka herufi tatu au nne za ukoo na moja ya jina la kwanza, kisha pitia orodha polepole. Itakuwa ndefu, lakini utaona tahajia ambayo usingeibuni hata kwa siku nzima.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Huku mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 03/07 ni tarehe 7 Machi. Na lipo jambo zito zaidi: wakimbizi wengi waliofika bila cheti waliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Chukua jina la kawaida kama Hassan Ali, liongezee tarehe 1 Januari na mwaka uleule, na unao watu wawili au watatu ambao kompyuta haiwezi kuwatenganisha. Ukiona kesi yenye jina lako na tarehe yako, usikubali haraka kwamba ni yako, na usiikatae haraka pia. Fungua uangalie anwani, namba ya gari, tarehe ya tukio. Ulikuwa wapi siku hiyo?

Namba ya kesi inasema mengi

Ukiwa na namba ya kesi, iliyo kwenye samansi au tiketi, tumia hiyo na uache jina. Haikosei tahajia.

Jifunze na kuisoma. Namba ya Municipal Court ina mwaka, herufi tatu, kisha tarakimu za mfululizo, kwa mfano 2022 CVG 012345. Herufi ndizo zinazotaja aina ya kesi. CVG ni ya kumtoa mpangaji. CVF ni madai ya fedha, mara nyingi deni la kadi au hospitali. CVI ni madai madogo. TRD ni kosa la kawaida barabarani, na TRC ni kuendesha ukiwa umelewa. CRB ni kosa dogo la jinai. CRA ni jinai kubwa inayoanzia hapa kabla ya kupanda juu. Kwenye Common Pleas herufi ni mbili: CV kwa madai, CR kwa jinai, DR kwa ndoa na talaka.

Hiyo CRA inahitaji umakini. Mtu akikamatwa kwa jinai kubwa, jalada hufunguliwa Municipal Court. Jopo la raia likiidhinisha mashtaka, kesi inahamia Common Pleas na kupewa namba mpya kabisa, na ile ya chini huandikwa imefutwa. Nimemwona kijana akishangilia kwenye simu yake kwa sababu skrini ilisema Dismissed, na ndani ya mwezi huohuo alikuwa na kesi hai yenye namba ya CR. Ukiona CRA iliyofutwa, nenda tovuti ya pili siku hiyohiyo, na urudi kuangalia wiki zinazofuata.

Kusoma ukurasa wa kesi

Kesi ikifunguka usitishwe na maandishi. Juu kuna majina. Plaintiff ni mdai. Kwenye kesi ya nyumba ni mwenye nyumba au kampuni yake, na kwenye jinai ni jimbo la Ohio au mji wa Columbus. Defendant ni mdaiwa au mshtakiwa. Hakikisha wewe uko upande gani, maana jina lako linaweza kuwepo kwa sababu wewe ndiye uliyeshtaki.

Chini yake kuna hali ya kesi, wazi au imefungwa. Neno Closed peke yake halikwambii umeshinda au umeshindwa. Shuka hadi kwenye orodha ya matukio, inayoonyesha kila karatasi iliyoingia na tarehe yake. Isome kama unavyosoma taarifa ya benki, mstari kwa mstari.

Nichukue ile kesi ya mama jirani. Mstari wa kwanza: malalamiko yamepokelewa. Siku chache mbele: samansi imetolewa. Kisha mstari ambao sisi wawili tuliusoma mara mbili: samansi imebandikwa mlangoni. Mama akasema hakuiona kamwe. Inawezekana, kwa kuwa mlango wa jengo lile ni wa wapangaji kadhaa na upepo ni upepo. Baadaye kidogo: mdai anaondoa madai yake, kesi imefutwa. Mistari minne tu. Hakimu hakuwahi kumwona, na bado mistari hiyo ilimnyima nyumba tatu.

Maneno mengine utakayoyakuta: Continuance ni kuahirishwa, basi tafuta tarehe mpya hapohapo. Judgment ni hukumu, nawe angalia ni kwa ajili ya nani. Disposition ni mwisho wa shtaka, na kama mashtaka ni matatu kila moja lina mwisho wake, kwa hiyo usisome la kwanza ukaacha mengine. Default maana yake mtu hakufika wala hakujibu, akashindwa bila kusikilizwa. Ukiona Warrant au Capias, hiyo ni hati ya kukamatwa. Usikimbilie kaunta peke yako kuuliza. Piga kwanza simu kwa wakili, au kwa ofisi ya Franklin County Public Defender, ambao ni mawakili wa utetezi kwa wasio na uwezo wa kulipa, upange nao namna ya kwenda.

Kama shida yako ni nyumba, ujue muda wake. Karatasi ya siku tatu inayobandikwa na mwenye nyumba si ya mahakama bado. Ni onyo ambalo sheria ya Ohio inamtaka alitoe kwanza. Ukiipata leo ukatafuta leo, hutaona kesi. Siku hizo zikiisha anaweza kufungua wakati wowote, basi tafuta jina lako kila asubuhi. Samansi inapaswa kukufikia angalau siku saba kabla ya kusikilizwa, na anayekagua kila siku anaweza kuiona kesi kabla barua haijafika. Siku hizo chache ni dhahabu: ndizo za kumpigia wakili wa Legal Aid of Southeast and Central Ohio, na kwenda Self Help Center humo humo 375 South High Street, ambako wanakusaidia fomu bila malipo. Ukisubiri mpaka ile karatasi nyekundu ya kukutaka uhame iko mlangoni, hukumu imeshatoka.

Usichokipata, na kwa nini

Kesi za watoto hazionekani. Namba ya Social Security na namba za akaunti za benki, kwa kanuni za Mahakama Kuu ya Ohio, hazitakiwi kuwa kwenye karatasi za umma. Ukiona yako imebaki wazi, mwombe karani aifiche. Karatasi nyingine zimeorodheshwa mtandaoni lakini hazifunguki, na hizo unaziomba dirishani.

Kesi zako za uhamiaji hazipo kaunti kabisa. Kila mwezi naulizwa hili. Mahakama ya uhamiaji ni ya serikali ya taifa. Unaangalia tarehe yako kwa namba ya A, yaani namba ya faili lako la uhamiaji yenye tarakimu tisa, kwenye acis.eoir.justice.gov, au kwa simu 1-800-898-7180. Kufilisika na jinai za taifa ziko kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za taifa, unaotoza senti 10 kwa ukurasa na usiozidi dola 3 kwa hati moja. Ukitumia dola 30 au pungufu ndani ya miezi mitatu, hulipi chochote.

Kutazama kesi kwenye tovuti za makarani hawa wawili ni bure. Ukurasa ukikuomba kadi ya benki kabla ya kukuonyesha jina, uko kwenye duka la mtu binafsi. Funga.

Kupata nakala yenye muhuri

Picha ya skrini haitoshi kwa ofisi yoyote ya maana. Andika namba ya kesi, nenda kwa karani wa mahakama husika, omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mwisho. Ina ada na ina muhuri. Angalia muhuri kabla hujaondoka dirishani, uone pia jina lako limeandikwaje.

Kama Kiingereza kinakusumbua, mwambie karani lugha yako ni Swahili na usubiri akutafutie mkalimani. Siku ya kusikilizwa, mkalimani ni wajibu wa mahakama na hulipi wewe. Usimpeleke mtoto wa miaka kumi na miwili akutafsirie mashtaka. Nimeliona hilo, na sura ya yule mtoto bado ninayo. Na kama Kiswahili chako ni cha Kongo, liseme mapema, ili usipewe mtu mtakayepishana maneno katikati ya kiapo.

Nakala hizi ndizo utakazoambatanisha na maombi ya uraia. Fomu N-400 inauliza kuhusu kukamatwa, kushtakiwa na kupewa samansi, na maelekezo yake yanataka uyataje hata yaliyofungiwa au kufutwa. Kwa hiyo agiza nakala kabla ya kujaza fomu, usisubiri kuulizwa kwenye usaili. Ukiwa na shtaka lolote la jinai, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma.

Ukikuta kosa, au ukikuta ukweli usioutaka

Kosa la karani, kama tahajia au kesi ya mtu mwingine iliyounganishwa na jina lako, lipeleke kwa karani huyohuyo kwa maandishi, pamoja na kitambulisho. Mara nyingi, hata hivyo, jalada la mahakama liko sawa na kosa liko kwa kampuni inayouza ripoti za wapangaji au waajiriwa. Aliyekukataa kwa sababu ya ripoti analazimika kukutajia kampuni iliyoiandika. Ichukue ripoti hiyo, andika pingamizi, ambatanisha nakala yenye muhuri. Sheria ya taifa, Fair Credit Reporting Act, inawapa kwa kawaida siku 30 za kuchunguza, na inawazuia kuripoti kesi za madai zilizopita miaka saba. Hukumu za jinai hazina kikomo hicho.

Kwa rekodi iliyo kweli na inayokuumiza, Ohio ina njia mbili upande wa jinai: kuifungia, ambapo umma hauioni lakini vyombo vya sheria bado vinaiona, na kuiteketeza, ambapo inaondolewa kabisa. Masharti na muda wa kusubiri hutegemea kosa, na sheria ilibadilishwa Aprili 2023, kwa hiyo aliyekataliwa zamani aulize upya. Kwa kesi za nyumba, hasa zilizofutwa, waulize Self Help Center kuhusu ombi la kufungia rekodi.

Mama jirani aliomba nakala, akalipia, akairudia ofisi ya tatu iliyomkataa akiwa na karatasi mkononi yenye neno Dismissed na muhuri wa karani. Wakati huohuo tukaandika pingamizi kwa kampuni iliyouza ripoti. Ofisi ile haikubadili uamuzi wake. Ya nne aliingia na karatasi ileile kabla hawajamuuliza chochote, akaiweka mezani pamoja na fomu ya maombi, na funguo alipewa wiki iliyofuata. Nakala yake anaitunza kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.